Mnada wa Gari Jekundu katika Stoo ya Mafagio

Ilitangazwa Jumatatu, saa tatu kamili asubuhi, mbele ya watumishi wote wa Idara ya Mali Zilizotumika, kwamba siku kubwa imewadia. Idara inauza gari. Wala si gari la kubebea mchanga. Ni gari la kasi, jekundu, la viti viwili, lililolala chini kiasi kwamba ukisimama kando yake unajiona umepanda cheo. Kwa jambo zito namna hiyo mtu hakurupuki. Iliundwa Kamati ya Kubaini Njia Iliyo Bora ya Kuuza Gari Moja la Kasi Lililotumika, yenye mwenyekiti, katibu, na mjumbe wa tatu.

"Kuliuza tu, hata kesho tunaweza," alisema Mwenyekiti, akiwatazama watu juu ya miwani. "Swali ni je, tutakuwa tumeliuza kwa njia iliyo bora?"

Watu wakapiga makofi. Swali lilikuwa zuri, na chai ilikuwa inapoa.

Mwenyekiti huyo walimwita Bwana Muhuri, ingawa si mbele yake. Muhuri wa Idara alitembea nao mfukoni mwa shati, na mashati yake yote yalikuwa na duara la wino wa buluu upande wa moyo. Alikuwa mtu wa haki. Hakuna karatasi iliyowahi kumlilia ikakosa kugongwa.

Gari lenyewe lilinunuliwa na Mkurugenzi aliyepita kwa ajili ya ukaguzi wa kushtukiza. Kasoro yake ilikuwa moja tu: lilinguruma. Kila ghala lililokusudiwa kushtukizwa lilipata muda wa kufagia, kupanga mafaili na kuandaa nyuso za mshtuko kabla gari halijakata kona. Mkurugenzi akastaafu na sifa ya kuwa na maghala safi kuliko yote, na gari likabaki uani, limefunikwa pazia kuukuu la ukumbi wa mikutano.

Kila siku saa nne, Bwana Muhuri alikwenda kulikagua. Kuingia kulimchukua dakika tano, na kutoka kulihitaji Mjumbe wa Tatu amvute mkono. Kiti kilimbana. Akaita fundi akakipanua, kwa pesa yake mwenyewe. Akaona matairi yamechoka. Akanunua manne mapya, kwa pesa yake mwenyewe vilevile.

"Niandike kwamba Mwenyekiti anaongeza thamani ya gari?" Katibu aliuliza. Huyu Katibu alikuwa mwembamba kama kalamu yake, na aliandika kila kilichosemwa, hadi kikohozi.

"Andika anahifadhi," alisema Bwana Muhuri.

"Naunga mkono," alisema Mjumbe wa Tatu, ambaye hata simu aliipokea hivyo.

Ukweli ni kwamba Bwana Muhuri alilitaka gari lile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote kisichokuwa na saini. Na sababu alikuwa nayo. Kila Jumapili, familia ya mkewe hukutana kwa mama mkwe. Na kila Jumapili, kwa miaka kumi na moja, kaka wa mkewe, mwenye gari refu la familia, husimama barazani na kupaza sauti mbele ya ukoo mzima: "Shemeji! Leo tena kwa miguu? Si ungepiga simu nikufuate?" Watu hucheka. Mama mkwe hucheka kuliko wote, akifuta macho na upande wa khanga.

Dawa ya hayo ilikuwa Kanuni ya Tisa, ambayo Bwana Muhuri aliitunga mwenyewe miaka sita nyuma, wakati alipokuwa na mapenzi na kabati fulani la mninga. Kanuni ilisema: mali ikitangazwa kwa njia tatu isipate mnunuzi, atakabidhiwa mtumishi mwandamizi atakayejitolea kuitunza, kwa bei ile ile iliyofungulia njia ya tatu. Kwa hiyo kazi ya Kamati ilikuwa nyepesi. Ilitakiwa kushindwa mara tatu, kwa utaratibu.

"Jumapili ya mwisho wa mwezi usiniulize nakuja na nini," alimwambia shemeji yake kwenye simu, amejiegemeza kitini. "Toka nje mapema tu. Utanisikia kabla hujaniona."

Mama Ufagio, msafishaji wa ofisi, alikuwa anafagia chini ya meza. Bwana Muhuri aliinua miguu ufagio upite, kama alivyoinua kila siku, bila kukatisha mazungumzo wala kutazama chini. "Mnunuzi?" aliendelea. "Mnunuzi atoke wapi, shemeji? Mimi ndiye ninayeweka njia!"

Njia ya kwanza ilikuwa gazeti. Tangazo alilitunga kwa mkono wake: "Kinauzwa chombo chekundu cha ardhini, cha watu wasiozidi wawili, kisichofaa kwa mizigo, mvua, watoto wala wakwe." Aliridhika nalo. Hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angelijibu.

Siku gazeti lilipotoka, saa tatu na nusu asubuhi, mlango uligongwa. Aliingia mama mmoja wa miaka sitini na kitu, ameshika gazeti lililokunjwa vizuri na mkoba mkubwa. Bwana Muhuri alisubiri kuamkiwa, kisha akaona mvi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni mwalimu mstaafu, wa hesabu. Nimekuja kununua chombo chekundu."

"Umesoma vizuri lakini? Hakifai kwa watoto."

"Wangu wamekua."

"Wala wakwe."

"Hapo ndipo nilipokata shauri," alisema Mwalimu. "Miaka thelathini na nne nimepanda magari ya watu, kiti cha nyuma, mtoto wa mtu pajani na ndoo ya mtu miguuni. Nataka gari ambalo mtu akiniomba nafasi ya nyuma, nimwonyeshe hakuna nyuma. Funguo ziko wapi?"

Bwana Muhuri alivua miwani, ishara kwamba mambo yanaelekea kwenye utaratibu. "Mama yangu, lile tangazo halikuwa la kuuza. Lilikuwa la kupima kama tangazo ni njia nzuri ya kuuza."

"Na si nimekuja?"

"Hilo ndilo tutakalolijadili."

Walilijadili siku nne. Kamati ilibaini kwamba mnunuzi makini hana haraka, na huyu alifika kabla hata wino wa gazeti haujakauka. Kumbukumbu zikaandikwa: "Alijitokeza mtu. Hakujitokeza mnunuzi." Muhuri ukagongwa.

Siku ile Mwalimu alipotoka, Bwana Muhuri alichungulia dirishani akamwona amesimama getini na Mama Ufagio. Walishikana mikono, wakacheka, wakazungumza muda mrefu huku Mama Ufagio akionyesha jengo kwa mpini wa fagio. Bila shaka, alifikiri, wanaongelea dawa ya kung'arishia sakafu.

Njia ya pili ilikuwa dalali. Waliletewa mmoja mwenye viatu vilivyochongoka na maneno mengi kuliko kamusi. Kamati ikampa masharti: asisifu, maana kusifu ni kupotosha umma, na kila atakachosema akithibitishe kwanza.

"Wazee wangu," alisema dalali, "mimi nisiposifu nitakuwa nafanya nini? Nitakuwa natembea tu!"

"Jaribu," alisema Bwana Muhuri.

Kesho yake dalali alirudi na mteja. Mteja alikuwa Mwalimu, na mkoba wake. Wakasimama wote uani, pazia limefunuliwa.

"Mama, gari hili..." Dalali aliirudisha sifa iliyokuwa ulimini. "Gari hili lina matairi manne."

"Thibitisha," alisema Bwana Muhuri.

Dalali akazunguka gari akihesabu kwa sauti. Alipofika la nne jasho lilikuwa linamtoka.

"Ni jekundu?" Mwalimu alimuuliza kwa huruma.

"Tairi?"

"Gari, baba."

"Mama, kwa macho yangu mimi binafsi, na bila kumpotosha mtu, naona kama..." Akamgeukia Mwenyekiti. "Mzee, hata rangi?"

"Rangi ni sifa."

Dalali alivua kofia, akaikung'uta kwenye goti, akaondoka bila kuaga. Kwa kuwa mteja alikuja kwa mkono wa dalali, na dalali hayupo tena, Kamati iliona kwamba mteja naye kisheria hayupo. Mwalimu aliyasikiliza hayo akiwa amesimama hatua mbili kutoka kwao.

"Haya," alisema. "Imebaki njia ngapi?"

"Moja," alijibu Katibu, ambaye hakuwa amekatazwa kujibu.

Njia ya tatu ilikuwa mnada wa hadhara. Bwana Muhuri aliuandaa kwa mapenzi kama mtu anayepamba nyumba ya harusi yake mwenyewe. Bei ya kufungulia aliiweka sawa na ya vyuma chakavu, kwa sababu ndiyo ambayo yeye mwenyewe angelipa. Masharti aliyaandika mafupi: mtu akitaja bei na asipatikane wa kumzidi, nyundo ikigonga mara tatu, mali ni yake siku hiyo hiyo, na watumishi wa Kamati hawaruhusiwi kutaja bei. Sharti hilo la mwisho aliliweka ili asisemwe. Muda ulipangwa saa kumi na mbili na robo asubuhi. Na tangazo, kama sheria inavyotaka, likabandikwa kwenye ubao wa matangazo wa Idara.

Ubao huo ulikuwa ndani ya stoo ya mafagio. Ulihamishiwa huko korido ilipopakwa rangi, na kwa vile hakuna kamati iliyoundwa ya kuurudisha, haukurudi. Ili umma usipate taabu ya kutafuta, mnada nao ukapangwa humo humo.

"Nani atauona?" alinong'ona Mjumbe wa Tatu.

"Mle ndani haingii mtu," alisema Bwana Muhuri.

Naye Mama Ufagio, aliyekuwa anapita katikati yao na ndoo, akasema, "Samahanini mabosi," akaingia mle ndani.

Siku ya mnada, saa kumi na mbili na robo, Kamati ilijipanga kati ya ndoo na mabomba. Nyundo haikuwepo, Bwana Muhuri akageuza ndoo, akatoa muhuri mfukoni. Mama Ufagio alikuwa kwenye kona yake, anakamua tambara.

"Umma mtukufu!" Bwana Muhuri aliwaambia mafagio. "Gari moja la kasi! Tunafungua kwa bei ya vyuma chakavu! Yupo?"

"Yupo," alisema Mama Ufagio, akausukuma mlango kwa kisigino.

Nyuma ya mlango, juu ya ndoo nyingine iliyogeuzwa, alikuwa amekaa Mwalimu, mkoba magotini.

"Hamjambo," alisema. "Naichukua bei hiyo hiyo."

Kalamu ya Katibu ikaanza kukwaruza.

"Huyu kapataje habari?" Bwana Muhuri aliuliza.

"Kwenye ubao, bosi," alisema Mama Ufagio. "Naupangusa kila asubuhi. Hesabu za darasa la tano ndiye aliyenifundisha huyu, na kusoma matangazo pia."

"Lakini wewe si umma! Wewe ni... wewe ni wa humu ndani!"

"Wa humu ndani, lakini Kamati simo."

Bwana Muhuri alimgeukia Katibu. "Hilo la 'yupo' lifute."

Katibu akaandika, akisoma kwa sauti: "Mwenyekiti aliagiza jibu la mnunuzi lifutwe."

"Na hilo pia lifute!"

"Mwenyekiti akarudia."

"Yupo wa kuongeza?" Bwana Muhuri alipaza sauti, akimkazia macho Mjumbe wa Tatu kiasi cha kumtoboa. Mjumbe wa Tatu alifungua mdomo, akakumbuka sharti la mwisho, akasema kitu pekee alichokijua.

"Naunga mkono."

Muhuri ukagonga ndoo. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Ile ya tatu ilichukua muda, mpaka Mwalimu akauliza kama mkono unamuuma.

Uani, Mwalimu aliingia garini kwa mara moja. Kiti kilimtosha, na pembeni yake ikabaki nafasi ya mkoba. "Nani alikipanua hivi?" aliuliza. "Mungu ambariki." Akakagua hati ya kutokea getini, mstari kwa mstari. "Saba kwa kumi, mwanangu. Tatu umezipoteza kwenye wino. Umegonga juu ya maandishi."

Gari likanguruma. Mtaa mzima ukalisikia.

Jumapili ya mwisho wa mwezi, shemeji alitoka nje mapema kama alivyoambiwa, akasubiri, hakusikia kitu. Mwishowe akawasha gari lake, akamfuata Bwana Muhuri na mkewe kwao. Mke alikaa mbele na kaka yake. Bwana Muhuri alikaa nyuma, mtoto wa shemeji pajani na ndoo ya unga miguuni. Hawajafika mbali, nyuma yao ikasikika ngurumo. Gari jekundu likawapita, Mwalimu kwenye usukani na Mama Ufagio pembeni yake, kitambaa kichwani kinapepea. Mama Ufagio alimwona bosi wake, akampungia mkono.

"Shemeji," alisema kaka wa mkewe, "hawa unawajua?"

"Mmoja nafanya naye kazi."

"Wewe! Kumbe ofisini kwenu kuna wakubwa namna hiyo?" Shemeji akatikisa kichwa kwa heshima, akamtazama kwenye kioo. "Halafu shemeji yangu, inua miguu kidogo. Hilo zulia nimelifua jana."

Bwana Muhuri akainua miguu.