Posa Iliyovuka Daraja la Murongo

Leo nimeaibika ukweni, na sasa hata ukwe wenyewe sina.

Asubuhi tulitoka Kanoni kwenda Kyerwa kumposa Koku wangu. Mimi, baba, mjomba ambaye ndiye mshenga, na madumu mawili ya rubisi, pombe yetu ya ndizi. Shati nililipiga pasi mara tatu. (Kola ingekata nyanya.)

Sasa kuna siri ya kwetu. Babu alivuka Mto Kagera kutoka Uganda, akatuusia tusiseme kamwe. Alijua ukiwa na ndugu ng'ambo, siku mkigombania migomba na jirani, unaambiwa si raia. Hata ukoo aliubadilisha, akaazima wa jirani. Nasi tukaushika.

Baba mkwe akauliza kama desturi inavyotaka: ukoo gani, na muziro wenu, yaani mnyama msiyemla, ni upi? Maana watu wa ukoo mmoja hawaoani. Mjomba akautaja ule wa kuazima bila kupepesa jicho.

"Na ng'ambo hamna mtu?"

"Hata mbuzi," nikadakia. (Sikuulizwa mimi. Kiherehere tu.)

Baba mkwe akafurahi. "Sawa na sisi. Tangu mababu, ni hapahapa."

Basi tukanywa, tukawasengenya watu wa ng'ambo mpaka tukachoka. Mimi ndiye niliyeongoza.

Ndipo akaingia mama mmoja, vumbi la daraja la Murongo, la kuvukia Kagera kutoka Uganda, bado miguuni. Nikainama kutafuta kiatu. Baba akageukia ukuta. Alikuwa shangazi yangu. Huja kwetu kila msimu wa kahawa, na majirani huwa tunawaambia ni mteja.

"Mwana wa kaka yangu," akasema, "siku hizi hata shikamoo hunipi?"

Baba mkwe akacheka. "Mama, umemfananisha. Huyu mgeni."

"Mgeni gani? Babu yake, baba yako na baba yangu ni tumbo moja. Au na wewe, mdogo wangu, leo hunijui?"

Nikamtazama baba mkwe. Naye alikuwa anatafuta kiatu.

Kumbe na kwao waliusiwa. Koku akalia, nami nikalia, sioni haya kusema. Shangazi akajipakulia senene, akauliza anayeposa ni nani.

Nilikwenda kutafuta mke, nimerudi na dada. Naomba msicheke. Na mkiulizwa, mimi ni mtu wa Kanoni tangu enzi za mababu.