Nyumba Thelathini za Farao

Jumapili, 6 Aprili 1997

Misa fupi. Padri alihubiri huku akitazama dirisha. Wengine wanasema vita imefika karibu na mji, wengine wanasema bado. Treni hazitembei. Kwa hiyo mimi Donat, karani wa reli kwa miaka ishirini na sita, nina nafasi nyingi ya kufikiri. Mke wangu anasema mambo huharibikia hapo.

Mke wangu Constance hali chakula. Hii ni wiki ya tisa bila habari ya Lydie, binti yetu wa pekee, aliyeolewa Pweto na mwalimu Guelord. Barua hazifiki. Constance anakaa mbele ya radio tangu asubuhi, sikio karibu kuigusa, akingoja mtu aseme Pweto. Hakuna anayesema Pweto. Wanataja miji mikubwa tu.

Leo alipokwenda kuteka maji nilitoa mapile manne, yale mawe ya betri ya radio, nikayaficha nyuma ya sanamu ya Mtakatifu Antoni. Aliporudi nikamwambia yamekufa. Akazungusha kifungo mara mbili, akanitazama, akaenda kutwanga sombe, majani ya muhogo. Mpango umekwenda vizuri.

Jumatatu, 7 Aprili

Sehemu ya pili ya mpango. Mikono yake inahitaji kazi. Katika magazeti ya zamani niliyopewa na mapadri nimeona mchezo wa watu wa Misri wa kale. Ubao wenye nyumba thelathini, mistari mitatu ya nyumba kumi kumi. Kila mchezaji ana askari watano. Vijiti vinne vinarushwa badala ya kete. Farao alizikwa nao.

Kuna faida nyingine. Tuna miaka thelathini na mmoja ya ndoa na Constance hunishinda dama, karata na mabishano. Mchezo huu haujui. Mimi nimeusoma. Na mchwa wamekula nusu ya ukurasa wa sheria, kwa hiyo sheria zilizobaki nitazitunga mwenyewe.

Ubao nimeutoa kitandani, ule wa katikati, hauonekani. Vijiti nimevipata kwa kupasua mkono wa mwiko. Askari wangu ni vifungo vya shaba vya koti la reli. Wake ni punje za mahindi.

Bukari ya leo, ugali wetu, ilisongwa na mwiko usio na mkono. Constance aliungua kidole. Hakuuliza kitu. Alipojilaza mchana kitanda kikabonyea katikati. Hapo pia hakuuliza.

Jumanne, 8 Aprili

Mchezo wa kwanza. Nikamweleza. Unarusha vijiti, unahesabu pande zilizo bapa, unatembeza askari. Nyumba ya ishirini na saba ni ya maji: anayeangukia hapo anarudi nyuma hadi ya kumi na tano. Wa kwanza kutoa askari wote ndiye mshindi. Nikaongeza kwamba aliyetengeneza ubao haanguki majini. Akauliza hiyo imeandikwa wapi. Nikamwonyesha tundu la mchwa.

Akasema, "Ile mududu ilisoma muzuri kukupita."

Alinishinda. Akanishinda tena. Katika mchezo wa tatu kuku wangu aliruka ubaoni akameza askari wake wawili. Nikaamua kwamba aliyemezwa amekufa. Constance alifikiri kidogo.

"Kama bantu bangu beko mu tumbo ya kuku," akasema, "basi kuku njo yangu."

Nimepoteza kuku. Lakini jioni alikula nusu sahani ya bukari, na mimi nilijifanya sioni.

Jumatano, 9 Aprili

Risasi tangu asubuhi. Tumefunga mlango. Jirani yetu Jeannot, aliyefiwa na mke, bingwa wa dama wa avenyu yetu kwa maneno yake mwenyewe, alipita kwenye ua akiwa na sufuria na kiti chake. Akasema si vizuri mtu kuogopa peke yake. Dakika kumi hazijapita, akasema tunacheza vibaya. Ndugu yake alisoma seminari, na kule walifundishwa kwamba Wamisri walianzia kulia. Nikamwambia Wamisri wa nyumba hii wanaanzia kushoto.

Saa sita mlango ukapigwa. Askari wanne wa serikali, wanakimbia mji, hawana hata kamba za viatu. Walichukua koti langu, blanketi mbili na sufuria ya Jeannot. Mmoja akabeba radio. Akazungusha kifungo. Kimya. Akaitikisa, akampa mwenzake, naye akaitikisa. Wakaitupa juu ya kiti wakaenda.

Nilifurahi mno. Nikamgeukia Constance nikasema, "Unaona? Ni vizuri nilitoa mapile."

Jeannot akakumbuka kwamba ana kazi kwake, risasi au si risasi. Akachukua kiti chake akaenda.

Constance aliirudisha radio mahali pake. Nilitaka apige kelele, hakupiga. Halafu akasema, "Papa Lydie, nilijua tangu siku ya kwanza. Ninaombaka Antoni kila siku. Unafikiri sipangusake vumbi nyuma yake?"

Nikauliza kwa nini aliniacha niendelee.

"Juu ulikuwa unatetemeka kunipita miye. Nikasema, muache. Iko natafuta ya kufanya."

Sasa siandiki zaidi. Macho yanauma kwa moshi.

Alhamisi, 10 Aprili

Risasi zimekwisha. Constance ametaka tuchezee mapile, moja kwa kila mchezo. Nikakubali, maana leo nilihisi bahati. Kabla ya saa sita alikuwa nayo yote manne.

Tukawasha radio. Mji una wakubwa wapya. Barabarani wanapita vijana wenye viatu vya mpira, watu wanawapigia makofi, na jioni kila mtu anajidai aliwangoja miaka mingi. Pweto haikutajwa. Constance alizima radio mwenyewe, akaweka mikono juu ya ubao, akalia. Sikuwa na sheria ya hilo. Nikahamia upande wake wa ubao nikakaa.

Kitanda bado kinabonyea. Tunalala tumebanana katikati kama mwaka ule tulipooana. Sikusudii kukitengeneza.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimepata mpango ambao hauwezi kushindwa. Nimekwenda kwenye maegesho ya malori. Yuko mfanyabiashara mmoja wa Butembo, jina lake Nzanzu, mtu wa sala, anapanda kesho kwenda Pweto kutafuta samaki wakavu. Amekubali kubeba barua.

Kwanza niliandika kwamba tuko wazima na tunamkumbuka Lydie. Nikaisoma. Barua kama hiyo mtu anaijibu akipata nafasi. Nikaichana. Nikaandika: mama yako ni mgonjwa sana, njoo upesi.

Constance sijamwambia. Itakuwa furaha ya ghafla.

Jumamosi, 26 Aprili

Hakuna jibu. Jeannot anakuja kila siku. Tumekubaliana aanzie kulia, sisi kushoto, na askari wanagongana katikati. Constance anatushinda wote wawili. Jeannot amesema mbele yangu kwamba sheria yangu ya maji ni ya wizi. Nikamwambia hakuna aliyemwita. Constance akamwongezea chai.

Usingizi wangu si mzuri. Ninafikiria ile barabara. Madaraja, vizuizi, watu wenye bunduki ambao hawajui nani anawaamuru. Na mimi nimemwita mtoto apite humo.

Jumapili, 4 Mei

Lydie amefika.

Ilikuwa saa tisa. Constance alikuwa amemtumbukiza Jeannot majini kwa mara ya tatu, akicheka hadi kitambaa kimemtoka kichwani. Ndipo tukasikia kilio barabarani, kilio cha matanga. Lydie akaingia uani, amejifunga kitambaa cheusi, miguu vumbi tupu, ananuka samaki. Siku sita juu ya magunia ya Nzanzu. Mara mbili walishushwa na watu wenye bunduki. Usiku mmoja walilala porini. Njia nzima alikuwa akiomba amkute mama yake bado anapumua.

Alimwona mama yake ameshika vijiti. Akaketi chini.

Constance alimkumbatia kwanza. Muda mrefu. Alimshika uso, mabega, vidole, kama mtu anayehesabu. Halafu Lydie akatoa barua yangu, Constance akaisoma. Akanigeukia.

"Umeniua mu barua," akasema.

Nikasema niliandika mgonjwa, si marehemu. Ilikuwa afadhali ninyamaze. Lydie alisema yeye na Guelord walikuwa salama wakati wote. Ni barua tu zilizokosa njia. Katika vita yote, hatari kubwa iliyompata ilikuwa mwandiko wa baba yake.

Nililia mbele ya Jeannot. Yeye akatazama ubao, akasogeza askari asiyekuwa wake, ili apate la kufanya.

Constance alichinja kuku wake. Baada ya kula akanisimamisha mbele ya Mtakatifu Antoni, akaniapisha: hakuna tena mpango wa siri katika nyumba hii. Nikaapa kwa moyo wote. Lydie akanishika mkono akasema yamekwisha, papa. Mkono wake umekuwa mgumu, mkono wa mtu mzima.

Jumanne, 6 Mei

Nyumba ina sauti tatu. Nilikuwa nimesahau jinsi Lydie anavyoimba anapoosha vyombo. Jana alijifunza mchezo wa Farao. Leo amenishinda. Ana tabia ya mama yake: mchezo akiuanza, hawezi kuondoka kabla haujaisha.

Nzanzu anarudi Pweto Jumamosi. Lydie amesema ataondoka naye, mumewe anamngoja. Ni haki yake. Constance amesema ni haki yake, kisha akaenda kusimama kati ya mahindi peke yake.

Nimekaa nikafikiri. Kiapo ni kiapo. Lakini kiapo kilihusu siri, na ubao ni kitu ambacho kila mtu anakiona.

Nyumba thelathini zinaisha kwa saa moja. Nimeng'oa mlango wa kabati na kuulaza uani. Tangu asubuhi ninapiga mistari. Nimefika nyumba mia mbili na arobaini, na nafasi bado ipo.