Sosi ya Saladi ya Solange

Jumatatu, 4 Machi

Mke wangu kairudisha sahani kama ilivyokuja. Daktari wa nyumba ya wazee kaniita pembeni. Solange amepungua mno, kasema. Asipokula vizuri kufikia Jumamosi, atapelekwa hospitali huko Bourges akalishwe kwa mpira wa puani. Nikamwuliza kama ameionja saladi yao. Kasema hilo halihusiani. Halihusiani! Mwanamke aliyekula saladi maisha yake yote, baada ya nyama na kabla ya jibini, leo anapewa majani yenye sosi ya paketi. Mimi nilianza na ngazi moja na nyundo ya kuazima, na sasa nusu ya mapaa ya mji huu ni kazi yangu. Sitashindwa na jani. Hesabu ni nyepesi: mafuta vijiko vitatu, siki kimoja, haradali kidogo, chumvi. Naanza kesho.

Jumanne, 5 Machi

Nimeingiza sosi kwa siri, kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi. Solange kaonja, kakunja uso, kaliweka jani pembeni ya sahani kwa adabu. Kanishukuru. Kaniuliza kama mimi ndiye fundi aliyekuja kutengeneza bomba.

Meza ya jirani anakaa Anselme Pitaud, kinyozi mstaafu kutoka Normandi. Mikono inamtetemeka lakini ulimi mzima. Anatia malai ya maziwa na limau kwenye saladi yake. Malai! Kanusa kichupa changu, kasema siki hiyo ningeipeleka gereji, ingetoa kutu vizuri sana.

Jumatano, 6 Machi

Nimebadili hesabu. Mafuta vijiko vinne kwa siki kimoja, mafuta ya zeituni, na asali kwenye ncha ya kijiko. Kichupa kimevuja mfukoni. Muuguzi Bérengère kanitazama suruali, kaniuliza polepole, "Mzee Fernand, umejikojolea?" Nikamwambia ni mafuta. Kasema haya babu, ni mafuta, kwa ile sauti wanayowasemeshea wazee wa pale. Mimi nina nyumba yangu!

Solange kala majani mawili. Nilikuwa naondoka kwa furaha, Pitaud akanyanyua kitambaa cha mezani cha Solange. Majani yote mawili yalikuwa chini yake.

Alhamisi, 7 Machi

Kitunguu kilichokatwa nyembamba, kiini cha yai, siki nyeupe badala ya nyekundu. Solange hakufungua kinywa kabisa.

Nimekaa jikoni kutwa nzima najaribu kukumbuka yeye alikuwa akitia nini. Nilikuwa nikishuka kutoka paani saa sita na robo, sosi iko tayari kwenye kitako cha bakuli, majani juu yake. Aliyachanganya huku nikimsimulia upuuzi wa mafundi wenzangu. Naweza kutaja vigae vya kila paa nililoezeka. Kilichokuwa ndani ya bakuli lile sikijui. Na yeye naye hakuwahi kuniambia. Kosa hilo si langu.

Ijumaa, 8 Machi

Baiskeli ilipata pancha, nikachelewa. Solange hayuko mezani kwetu. Yuko kwa Pitaud.

Nilisimama mlangoni na koti langu. Pitaud hawezi kushika uma bila kumwaga, kwa hiyo alikuwa amemsogezea bakuli, chupa ya mafuta, siki, haradali, akamwomba msaada. Solange akaipiga sosi kwa uma, kiganja kinakwenda mbio kama cha msichana. Akaonja kwa kidole. Akaongeza chumvi bila kumwuliza mtu. Akachanganya majani, akapakua, kisha akamwambia, "Fernand, toa viwiko mezani."

Pitaud akatoa viwiko.

Kala sahani nzima. Kafuta bakuli kwa mkate. Bérengère kageukia dirishani, anajifanya anarekebisha pazia. Daktari kasema akila hivyo na kesho, habari ya Bourges imekwisha.

Pitaud kanifuata koridoni na fimbo yake. Kaniambia kesho kiti chake ni changu. "Mpe uma, ukae, unyamaze. Kunyamaza utaweza, mzee mwenzangu?" Nikamwambia asante, kwa ubaridi. Kaitwa kwa jina langu, na bado ananipa ushauri.

Nimelia kidogo njiani. Ulikuwa upepo pia.

Jumamosi, 9 Machi, asubuhi

Nimelipima jambo hili kwa kichwa kilichotulia, kama ninavyolipima paa. Tangu Jumatatu sosi zangu zimekosa kitu kimoja tu ambacho kwenye meza ya Pitaud hakikosekani. Malai. Inaniuma kuandika, lakini hesabu haina upendeleo.

Nimenunua malai bora kuliko yake. Limau nusu, haradali, chumvi mara mbili ya jana. Nimeipiga mwenyewe mpaka mkono umekufa ganzi, nimekwishaichanganya na majani na kuyakata vipande vidogo. Maskini, jana alijichosha sana na ule uma. Leo hatagusa kitu. Nitamlisha mimi.