Ombi la Kumrejesha Mkwe kwa Sababu ya Povu

Hoteli ya Chai na Vitafunio,
Likombe, Mtwara.
14 Agosti, 1969.

Kwa Ndugu Athumani Nankanga,
Kitaya.

Ndugu yangu mheshimiwa,

YAH: KUMREJESHA MPWA WAKO HASSANI

Assalaam alaykum. Sisi hapa ni wazima, isipokuwa gari. Tunawaombea salama huko mtoni, maana tunasikia mizinga ya Wareno ng'ambo haijanyamaza, nami naona haya kukuongezea shida. Lakini wewe ndiye mjomba, wewe ndiye uliyesimama mbele yetu ukamwombea Hassani mke, na kwa desturi yetu neno linalomhusu Hassani halina pengine pa kwenda. Kwa heshima na taadhima naomba umchukue mpwa wako, na kabla ya msimu wa korosho awe ameshatoa talaka ya binti yangu Sharifa.

Sina ugomvi na tabia yake. Amehamia kwetu kama inavyompasa mwanamume aliyeoa, amelima shamba la mhogo la mama mkwe wake, ameezeka jiko upya. Sharifa anampenda, na hilo halifichiki hata kwa wapita njia. Ugomvi wangu ni povu.

Kama ujuavyo, nilinunua gari kubwa jeusi kwa meneja mmoja wa mkonge aliyerudi kwao Ulaya. Ni gari la stelingi ya mafuta, yaani mafuta ndiyo yanayokusaidia kuzungusha usukani, hata mtu aliyefunga mchana kutwa anaugeuza kwa kidole. Nalikodisha kwa harusi. Tangu masika yaishe stelingi hiyo inaguna, inakuwa nzito, na kikopo cha mafuta yake kinafura povu. Hassani ni fundi wa magari mwenye cheti, anakula kwangu na kulala kwangu, na povu bado lipo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Matibabu yake yanatuaibisha. Huinua magurudumu ya mbele kwa jeki, huzima injini, kisha huketi akazungusha usukani kulia hadi mwisho, kushoto hadi mwisho, tena na tena, na gari halijaondoka hata hatua moja. Anadai anatoa hewa iliyoingia kwenye mafuta. Wateja wangu wanakunywa chai wakimtazama, wanamuuliza kama ameshafika Lindi. Mimi baba mkwe najifanya sisikii.

2. Maelezo yake hayashikiki. Kwanza alisema mafuta yamepungua, ndiyo maana pampu inavuta hewa, akaongeza. Kisha akasema paipu imelegea, akakaza klipu. Kisha akabadilisha paipu yenyewe. Jioni humwaga mafuta yote, huweka mapya mekundu, na gari linageuka kama zamani. Asubuhi tunakuta povu jeupe limefika mdomoni mwa kikopo. Fundi gani huyu ambaye mgonjwa wake hupona jioni tu?

3. Povu lenyewe linanukia nazi. Nimelinusa mwenyewe, nikamwita muuza samaki naye akanusa, akasema ni vitumbua. Nimehitimisha kwamba mpwa wako anakula staftahi yake juu ya injini. Mezani tunampa ya kutosha, kwa hiyo hawezi kusingizia njaa.

4. Mwalimu Andrea wa Shangani alikodi gari kwa harusi ya binti yake. Tulipofika penye kona ya kanisa stelingi iliguna kama mbuzi, ikakaza, nami nikashindwa kukata kona. Tukaenda moja kwa moja mpaka ufukweni, bibi harusi akiwa kiti cha nyuma. Wanakwaya walitufuata wakiimba, wakidhani ndiyo ratiba. Mwalimu ni mstaarabu, alisema tu kwamba upepo wa bahari ulikuwa mzuri. Tangu siku hiyo hakuna aliyekuja kuulizia gari.

5. Hasemi. Nilimuuliza, mama mkwe wake Bi Hadija akiwa hapo hapo, ni kitu gani kinachoharibu mafuta. Kijana akavua kofia, akatazama chini, akasema, "Baba, mafuta yamechanganyika," kisha akarudi kinyumenyume hadi migombani. Yamechanganyika na nini? Najua heshima ya ukwe, kwamba haruhusiwi kukabiliana na mama mkwe uso kwa uso wala kumpinga kwa neno. Lakini mimi nilimuuliza habari za gari, sikumuuliza habari za ukwe.

6. Hili ndilo lililonimaliza. Alikifunga kifuniko cha kikopo kwa waya, akausokota mafundo. Ndani ya ua wangu! Anamdhania nani? Bi Hadija aliumia, hata bakuli la uji akalisukuma kando. Kesho yake, nilipokuwa msikitini, maskini aliufungua waya ule fundo kwa fundo, akaukunja, akauweka dirishani ili mkwe wake asipoteze mali. Hassani alipouona alichukua jembe akaenda kulima.

Sasa nakuuliza, ndugu yangu: mtu aliyeshindwa kutuliza povu la kikopo atatuliza nyumba? Wakizaliwa watoto wakalia, atawainua kwa jeki? Sharifa amelia siku nyingi, anasema akiondoka Hassani na yeye anafungasha. Nimemwambia mume hupatikana, lakini gari la stelingi ya mafuta sijaona la pili katika mji huu. Ukimleta mkwe mwingine na atoke katika ukoo huo huo, maana ukoo hauna ubaya, ila asiwe fundi. Akikosekana, nafasi itabaki wazi mpaka apatikane mwenye sifa.

Nisalimie mama watoto, majirani, waliokuja harusini na waliozuiwa na shughuli, pamoja na yule aliyerudia pilau.

Ni mimi, mwenye gari lisilokata kona na moyo usio na kinyongo,

Selemani Mchopa

Nyongeza: Nimemsomea Bi Hadija barua hii ili aongeze salamu zake. Anakusalimu sana, na anaomba chupa mbili za mafuta ya nazi, kwani ya kwake yamekwisha. Anasema gari linayamaliza kuliko jiko. Tangu aliposikia likiguna mara ya kwanza alilionea huruma, akawa analimiminia upawa mmoja kikoponi kila alfajiri nikiwa msikitini, na bila yeye lingekwisha kufa. Hakutaka mkwe ajue, kwa kuwa hapendi kusifiwa.

Ndugu yangu, imenibidi nikae chini. Kijana alijua. Alijua, na alikuwa radhi kumpoteza mke anayempenda kuliko kumwaibisha mama yake mke huyo. Nimeona haya mpaka masikio yanawaka. Lori la Kitaya linapiga honi na karatasi nyingine sina, kwa hiyo kila nilipoandika umchukue, tafadhali soma umwache.

Limebaki moja. Bi Hadija bado anangoja chupa zake. Hassani hawezi kumwambia, kwa heshima. Mimi siwezi, kwa woga. Nimekaa naye miaka thelathini. Njoo umwambie wewe, na usiseme kwamba nimekuita.