Kandambili za Mkurugenzi

Ilitangazwa kwa kipaza sauti kwamba Idara imeunda Kikosi Kazi cha Kulinda Kucha za Watumishi. Mwenyekiti ni Mkurugenzi mwenyewe. Alisema fangasi wa kucha amevuka mipaka, na Idara haitapumzika mpaka apatikane mtu aliyemleta.

Watu walipiga makofi. Mama Faili, mtunza majalada, naye alipiga, ingawa alijua ngoma ile inapigwa kwa ajili yake.

Mambo yalianzia kwenye zulia. Idara ilipata zulia jekundu, nene, na ikaamuliwa lisikanyagwe na viatu vya kutoka nje. Kwa moyo wa kizalendo, Mkurugenzi alileta kutoka nyumbani kwake kikapu cha kandambili za zamani, akakitundikia kibao: MCHANGO BINAFSI WA MKURUGENZI. Anayeingia anavua viatu, anavaa kandambili. Anayetoka anazirudisha kikapuni zingali na jasho, anayemfuata azikute na joto lake. Huo uliitwa Utaratibu.

Haukupita muda, kucha za ghorofa nzima zikageuka manjano, zikanenepa, zikaanza kumeguka kama plasta ya ukuta wa zamani. Wenzake Mama Faili wote walihamia kwenye viatu vya kufunika na soksi, ambazo hata ndani ya kandambili hawakuzivua, wakasema wanaheshimu kazi. Yeye alibaki na makubazi yake ya wazi, bila soksi, kucha zake tu zikaonekana, basi fangasi wa Idara nzima akawa wake.

"Dada, tuelewane," Katibu wa Kikosi alimwambia. "Hakuna anayekulaumu. Ikithibitika wewe ndiye chanzo, utahamia stoo ya chini, basi."

"Stoo ya chini si ndiyo ile inayovuja?"

"Ndiyo hiyo. Ina utulivu."

Mama Faili alikuwa karibu kustaafu. Alitaka kuaga akiwa mezani pake, kati ya watu aliowazoea, si huko chini na panya.

Asubuhi moja alikuta kwenye droo yake soksi mpya za pamba zimefungwa kwenye gazeti, na chupa ndogo ya dawa ya kupaka. Dereva wa Idara alikuwa amesimama dirishani, anajifanya anatazama mawingu.

"Mama, kucha kama hizo hata mimi ninazo," alisema. "Zako tu ndizo zenye ujasiri wa kuonekana. Nenda hospitali wakakupime kwanza, ijulikane kama ni fangasi kweli. Wakikukubalia dawa hii, paka. Ila usiwe na pupa. Kucha ya mguu inakua polepole, inaweza kumaliza mwaka. Ukiacha dawa kwa sababu imeanza kupendeza, fangasi anarudi na ndugu zake."

Alipimwa, akakubaliwa, akapaka.

Uchunguzi wa Kikosi ulichukua miezi mingi, kwa sababu za kitaalamu. Vikao vilifanyika juu ya zulia, wajumbe wote wakiwa ndani ya kandambili. Daktari wa ngozi aliitwa. Akashauri watu wakaushe miguu, hasa katikati ya vidole, wabadilishe soksi kila siku, viatu vipigwe na jua, na kila mtu awe na kandambili zake na kikata kucha chake. Kikosi kilimshukuru, kikayapokea hayo kama maoni ya mdau, kisha kikaazimia kununua kikata kucha kimoja cha ofisi, kifungwe kwa mnyororo pale mapokezi.

"Tuje kwenye chanzo," Mkurugenzi alisema. "Daktari, kucha iliyougua zamani kuliko zote inajulikana?"

"Mara nyingi ukiitazama utaikisia. Lakini hilo halionyeshi nani kamwambukiza nani."

"Linatosha. Mwenye kucha hiyo ahamie stoo leo hii. Andika, Katibu. Pasitazamwe sura wala cheo."

Watumishi wote wakaitwa. Mama Faili alitangulia. Daktari akainama.

"Hii inapona. Tazameni, huku chini inakuja mpya, safi. Nani amekutunza hivi?"

Mama Faili alimtazama Dereva. Dereva akatazama mawingu.

Wengine wakafuata mmoja mmoja, soksi mkononi. Mwisho akabaki mtu mmoja.

"Mimi ni mwenyekiti," Mkurugenzi alisema.

"Mzee, umesema pasitazamwe cheo," Katibu alijibu kwa unyonge. "Nimeshaandika."

Soksi ikavuliwa. Kucha ilikuwa nene, ya kahawia, imejikunja kama pembe la beberu. Daktari aliitazama kwa adabu.

"Shikamoo," aliiambia.

"Hii ninayo tangu zamani," Mkurugenzi alisema. "Tangu kabla ya zulia. Hata nyumbani nilikuwa navaa tu zile..."

Hakumaliza. Watu wote walikuwa wanasoma kibao cha kikapu.

Jioni Mama Faili alishuka stoo, alikohamia Mkurugenzi, na soksi kavu mkononi.

"Baba, kausha katikati ya vidole. Na humu panavuja, usikae na viatu vilivyolowa."

"Nitakaa mpaka lini, Mama?"

"Mpaka kucha ikue. Polepole, Mzee. Hii haina njia ya mkato, hata kwa mkubwa."

Juu, Kikosi kilikuwa kinapitisha azimio la kumuenzi mwenyekiti wake. Zulia likakunjwa, likashushwa, likatandikwa miguuni pake, na kikapu kikawekwa mlangoni pamoja na kibao. Tangu siku hiyo, mwenye shida na Mkurugenzi humaliza maneno yake akiwa amesimama nje, na viatu vyake mwenyewe miguuni.