Tundu la Bi Beryl Lapata Ulinzi

Halmashauri ya mji wa Thorley ilitangaza kwa fahari kubwa kwamba tundu la paa la duka la mikate la Bi Beryl Tuddenham sasa linalindwa na sheria. Jengo lenyewe, la mbao na chokaa, lililoinamia Barabara Kuu kama mlevi anayetafuta ukuta, lililindwa tangu zamani. Tundu lilikuwa limesahauliwa tu.

Bwana Desmond Farthingale, Afisa wa Hifadhi ya Majengo, alipanda mwenyewe ghorofani kulikagua pamoja na msaidizi wake, Nadine. Alilipenda papo hapo.

"Maji yananidondokea kitandani," Bi Beryl alisema. "Unga unaota ukungu. Nikilowa hivi hadi majira ya kuchipua, nafunga duka. Niruhusu nibadilishe vigae vitatu tu, jamani!"

"Mama, huo ni uvujaji wa kihistoria. Mababu zetu walilowa hapa hapa."

"Basi njoo ulale wewe!"

Bwana Farthingale alizoea kukosewa adabu na wasiopenda urithi wao. Alirudi nyuma hatua moja alitazame tundu vizuri. Ubao wa sakafu, ambao yeye mwenyewe alikataza usiguswe, ukakatika. Mguu ukazama mpaka pajani.

Chini, wateja waliona kiatu cha serikali kikichomoza darini. Wakasogea pembeni kidogo, foleni ikaendelea.

"Nimenasa! Leteni msumeno!"

"Tukate ubao wa karne ya kumi na sita?" Nadine alishtuka kwelikweli. "Bila kibali ni jinai, bosi. Si ulinifundisha mwenyewe? Maombi, tangazo kwa umma, wiki nane."

"Nadine! Mimi ndiye bosi wako!"

"Sheria ni msumeno, bosi."

Nadine alikuwa msaidizi bora kuliko wote ambao Bwana Farthingale aliwahi kuwafunza, na wakati ule alimchukia. Kisha mvua ikaanza. Ilimpiga utosini, ikaingia kolani, ikateremka mgongoni taratibu. Aliustahimili urithi kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, ambacho hakupewa.

"Kibali cha dharura!" alifoka. "Paa, sakafu, vyote! Nipeni kalamu!"

Akasaini. Fundi akaja na msumeno na vigae, akauliza aanzie wapi.

Bi Beryl alimtazama Bwana Farthingale. Akatazama kitanda chake.

"Paa kwanza," alisema.