Ungamo Kando ya Tope Linalochemka

Jumanne, 12 Machi
Daktari ameusikiliza moyo wangu, akakunja uso, akanikataza ngazi. Nimeelewa. Miaka themanini na minne, arobaini kati yake nikifundisha jiografia, na sasa hata ngazi sistahili!

Nikaenda kwa Padre kuungama. Nikamweleza sherehe ya mwaka 1961. Marimba ilinyamaza, watu wakapiga kelele "Bomba!", yaani mchezaji aghani ubeti, nami nikamghania Eduviges, niliyekuwa nikicheza naye, ubeti huu:

Mlima wafuka moshi,
Na tope linatokota;
Kukuona hakutoshi,
Na mchana nakuota.

Ukumbi mzima ulishangilia. Eduviges akanipa mkono wake, tukaishi pamoja miaka hamsini, Mungu amrehemu. Ila ubeti niliuiba kwenye daftari la rafiki yangu Nectario. Naye hakuoa kamwe.

Padre akasema sitapata msamaha mpaka nimwambie Nectario kwa mdomo wangu. Kwa mdomo wangu! Hakutaja masikio ya Nectario.

Jumatano, 13 Machi
Mpango ni huu. Kesho sisi wastaafu tunapelekwa kutembelea hifadhi ya Rincón de la Vieja. Huko tope la volkano huchemka kwa kishindo cha masufuria mia. Nectario ana sikio moja lililokufa, na la pili linaishi kwa kimashine. Nitaungama hapo hapo, kwa sauti kamili. Mbinguni watasikia. Yeye hatasikia. Sitapoteza rafiki, wala pepo.

Doña Zoraida, mshonaji mjane, naye anakwenda. Hilo halihusiani. Nimepiga pasi shati.

Alhamisi, 14 Machi
Siku njema ajabu! Msitu mkavu kwanza, majani yote chini, nyani wakitukemea kutoka juu. Nilimsahihisha kiongozi wetu, Yorleny, mara nne tu. Akauliza kwa upole, "Don Abelardo, ziara hii ni yangu au yako?" Zoraida alicheka. Nectario naye alicheka, bila sababu.

Mita mia mbele, nchi nyingine kabisa: ardhi nyeupe, mvuke, tope likiruka na kunuka mayai viza. Kishindo kizuri! Nikamvuta Nectario kando. Nikaungama kila kitu, daftari, ubeti, Eduviges. Nikalia kidogo. Yeye akatikisa kichwa, akatabasamu, akanipa leso. Hakusikia hata neno! Nikajihisi mwepesi kama kijana.

Kisha msitu mbichi, daraja la kamba, na maporomoko ya maji ya bluu. Tukakaa kwenye mawe kula rosquillas, zile ngumu za mahindi na jibini. Nectario akatafuna taratibu, akasema: "Mwalimu, tangu sikio lisinzie nimejifunza kusoma midomo."

Rosquilla ilinikwama kooni. Yorleny akanipiga mgongo.

Nilingoja anisukume majini. Badala yake alicheka mpaka akashika mbavu. Akasema alijua tangu usiku ule ule. Ubeti aliuandika, lakini magoti yaligoma. Eduviges alimtisha kuliko volkano. Aliponisikia nikiughani, alimshukuru Mungu, akaenda kutafuta nyama. Kuoa hakuoa kwa sababu anapenda kulala katikati ya kitanda. Tena Eduviges mwenyewe alijua! Alimwambia juma lililofuata: "Maneno ni yako, Nectario, lakini yule ndiye mwenye miguu."

Miaka hamsini, na yule mwanamke hakuninong'oneza kitu.

Nikaomba msamaha tena, safari hii nikiichunga midomo yangu isikosee. Akasema, "Nimekusamehe zamani, mjinga wewe. Lete rosquilla." Tukakumbatiana. Zoraida alipiga makofi bila kujua anashangilia nini.

Ijumaa, 15 Machi
Nimeamka safi kama mtoto aliyebatizwa. Nimepanda ngazi sita za kanisa ili kumpa Padre habari. Amenibariki.

Naandika neno moja dogo. Jana tukirudi, Nectario alisinzia begani pangu ndani ya basi, na daftari lake likateleza mpaka mapajani mwangu. Sikulifungua. Lilifunguka. Kuna ubeti mpya, mtamu sana, kuhusu mshonaji na sindano. Nimeunakili ukurasa wa nyuma wa shajara hii, kwa ajili ya kuuhifadhi.

Sherehe ya marimba ni Jumapili alasiri, na Zoraida atakuwepo. Magoti ya Nectario hayajapona tangu 1961. Padre hupokea maungamo Jumatatu.

Ratiba inakubali.